Mdogo wangu, bibi na mtihani wa tabibu wa meno

KWA wiki mbili za likizo fupi kabla ya mtihani wake wa mwisho, nyumba yetu ya Bigwa, chini ya milima ya Uluguru, iligeuka kliniki ya meno. Kila aliyepita kusalimia aliombwa afungue mdomo. Muuza maziwa alikubali. Fundi bomba alikataa, akasema yeye ameitiwa bomba.

Mwenye mtihani ni mdogo wangu. Ni binti wa mama mdogo, lakini sisi Waluguru tunahesabu ukoo kwa upande wa mama, kwa hiyo huyo ni mdogo wangu tu, hakuna maelezo mengine. Yuko mwaka wa tatu wa stashahada ya matibabu ya meno. Akifaulu na kusajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, atakuwa tabibu wa meno.

Watu wengi hudhani aliyewang'oa jino kwenye kituo cha afya ni daktari wa meno. Mara nyingi siye. Daktari wa meno husoma chuo kikuu miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kazini. Tabibu huanza baada ya kidato cha nne, akiwa na ufaulu wa kemia, baiolojia na fizikia, na husoma miaka mitatu, yaani ngazi ya 4, ya 5 na ya 6 katika mfumo wa NACTVET. Ndiye anayechoma sindano ya ganzi, anayeng'oa, anayeziba matundu, anayekwangua ugaga na anayejua ni mgonjwa gani asiguswe bali apelekwe rufaa. Anayesimama pembeni ya kiti kumshikia taa na kumpa vifaa ni muuguzi au mhudumu wa afya, na akikosekana tabibu hujishikia mwenyewe.

Nilimwambia kwamba Marekani huyo wa pembeni ana cheti chake cha kitaifa, chenye mtihani wa sehemu tatu: kumhudumia mgonjwa kitini, usalama wa mionzi na kuzuia maambukizi. Akacheka. "Dada, hayo matatu kwetu ni wiki moja."

Nilikuwa nimechukua likizo kazini kwa sababu nyingine kabisa, nikajikuta msimamizi wa mtihani.

Siku tatu za kwanza zilikuwa za namba. Kinywa hugawanywa robo nne. Kwa mtu mzima robo hizo zinaitwa 1 hadi 4, kwa mtoto 5 hadi 8, halafu meno yanahesabiwa kuanzia katikati kwenda nyuma. Gego la kwanza la chini kulia la mtu mzima ni 46, nalo linasomwa "nne, sita", si arobaini na sita. Chonge la chini kushoto la mtoto ni 73, la mtu mzima 33. Ukiandika namba isiyo sahihi kwenye kadi, mwenzako anaweza kung'oa jino zima na kuliacha bovu. Mdogo wangu alibandika karatasi za namba kwenye mlango wa choo, kwenye friji, hata juu ya kitanda cha bibi. Bibi alilalamika kwamba analala chini ya orodha ya meno ambayo yeye mwenyewe hanayo. Amebakiwa na 11, tuliyahesabu.

Nadharia haikumtisha. Kwa nini mashine ya mvuke ifike nyuzi 121 kwa dakika 15, au 134 kwa dakika tatu, vifaa vitakasike? Alijibu huku anamenya ndizi. Kilichomnyima usingizi ni mtihani wa vitendo, ule unaoitwa OSCE, wenyewe wanatamka "oski". Mtindo huo ulibuniwa Dundee, Uskochi, na Profesa Ronald Harden na wenzake, wakauchapisha mwaka 1975, na sasa umeenea vyuo vya afya duniani. Mwanafunzi anazunguka kwenye vituo. Kengele inalia, unaingia, unasoma swali ukutani, una dakika chache, kengele inalia tena, unatoka hata kama umeshika sindano. Mtahini amekaa na orodha ya vipengele, anaweka alama ya vema kwa kile alichokiona na kukisikia. Ulichokijua moyoni hakina alama.

Hapo ndipo wengi wanapoangukia, na si kwa ujinga. Mwanafunzi anaingia akikimbilia jino. Hajasalimia, hajajitambulisha, hajanawa mikono, hajauliza kama mgonjwa ana presha, kisukari, mimba, au kama akijikata damu huchelewa kukata. Hayo yote yako kwenye orodha. Tulipoanza mazoezi ya jikoni, mimi na simu yangu yenye saa, mdogo wangu alipoteza alama nne kabla hajafungua mdomo wa mtu. Nikamwambia mgonjwa wako ni bibi, utamgusaje kidevu bila shikamoo? Tangu hapo hakukosea. Salamu aliyofundishwa nyumbani ikamwingia kama kipengele cha kwanza cha orodha.

Nikiwa na nasaha moja kwa familia yenye mtahiniwa, ni hii: msimwambie tu "soma mwanangu". Mkalieni kiti. Mtu anahitaji mdomo wa kuuangalia, sikio la kumsikiliza akieleza kwa sauti, na mtu asiye na haya wa kumwambia "hukusema". Hiyo ni bure, na haimtaki mzazi awe msomi. Bibi hajui kusoma, lakini alimkamata mara mbili akisahau kunawa.

Kituo kimoja alikipenda kuliko vyote, kile cha kuziba jino bila mashine. Unakwangua sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono, kimoja chao kama kijiko kidogo chenye makali, kisha unaziba kwa simenti ya glasi-ayonoma inayoshika jino na kutoa floridi. Hakuna umeme, hakuna ile sauti ya kutoboa inayowakimbiza watoto. Njia hii ilianzia hapa Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, kwa kazi ya daktari wa meno Mholanzi Jo Frencken na wenzake Dar es Salaam. Shirika la Afya Duniani (WHO) likaitangaza Siku ya Afya Duniani mwaka 1994, na mwaka 2021 likaiingiza simenti hiyo kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Kwa anayetaka kufanya kazi juu huko Mgeta au Kibungo, ambako umeme ukikatika hujui utarudi lini, hilo si swali la mtihani tu. Mdogo wangu anataka Matombo, kwao mama yake. Anasema huko mtu akiumwa jino hungoja mpaka shavu livimbe ndipo apande gari kuja mjini, na akifika hakuna cha kuziba tena, ni kung'oa.

Jumatano ya wiki ya pili tulifika kwenye kituo cha elimu ya afya. Nilikitunga mwenyewe kutokana na maswali ya nyuma: mama ameleta mtoto wa miezi minane, anaharisha na ana homa, majirani wamemwambia ana meno ya plastiki, anataka ang'olewe. Zungumza na mama huyu, dakika tano.

Msomaji, huenda unayajua kama meno ya nailoni. Ni imani kwamba mtoto mchanga anayeharisha, anayetapika au mwenye homa ana meno mabaya yaliyojificha ndani ya ufizi, na yasipotolewa atakufa. Anaitwa fundi, anapasua ufizi kwa kisu au spoku ya baiskeli, anatoa kitu cheupe, laini, na kuwaonyesha wazazi: plastiki hii hapa. Kitu hicho ni jino la mtoto ambalo bado halijakomaa, mara nyingi chonge. Watafiti wa Muhimbili, akiwemo Profesa Emil Kikwilu, wameandika juu ya jambo hili tangu miaka ya 1990. Mtoto anaweza kufa kwa kuvuja damu au kwa maambukizi, na ugonjwa wenyewe, uwe malaria, nimonia au kuharisha, unabaki mwilini bila tiba.

Bibi ndiye aliyekuwa mama wa mtoto. Nilimpa mto wa kochi aupakate. Kengele ikalia, mdogo wangu akaanza vizuri, shikamoo, jina, pole na mtoto. Kisha akasema, "Mama, hakuna kitu kinachoitwa meno ya plastiki."

Bibi akaupakata mto kimya. Halafu akasema, "Na wewe walikutoa."

Mdogo wangu ana chonge la chini kushoto, ile 33, dogo kuliko mwenzake, lenye uso wa kukwaruza na doa la kahawia. Mwaka wa kwanza chuoni walipojazana kadi wao kwa wao, aliyemkagua aliandika kwamba jino halikukua vizuri, sababu haijulikani. Nyumbani tuliambiwa alianguka utotoni. Kumbe chipukizi la jino la utotoni likichokonolewa, la ukubwani linalojijenga chini yake nalo linaweza kuumia.

"Ulikuwa unaharisha siku ya tano," bibi akasema. "Mama yako yuko mjini na ndizi zake, mvua haikatiki, gari halipiti. Macho yameingia ndani. Fundi akaja, akatoa mawili."

Mdogo wangu alinyanyuka akatoka nje. Simu yangu ikalia dakika tano zimekwisha, nikashindwa kuizima haraka.

Aliporudi ilikuwa usiku. Hakumlaumu bibi, wala hakumwomba radhi kwa kutoka vile. Alikaa chini kwenye mkeka akauliza ilikuwaje baada ya hapo. Bibi akasema siku ya pili yake mvua ilipungua, wakambeba hadi barabarani, wakapata gari la mkaa, wakafika hospitali mjini, akawekewa dripu siku tatu. Akapona. Miaka yote hiyo bibi amemhesabia fundi kupona kule. Dripu aliiona kama nyongeza ya wazungu.

"Bibi, kama siku ile ningekuja mimi mlangoni, na koti langu jeupe, ningesema nini ukanisikia?"

Bibi alifikiri. "Usingeanza na jino. Mimi sikuwa na habari ya jino. Nilikuwa na mtoto anakufa. Ungeniambia kwanza nimpe nini anywe."

Niliandika maneno hayo pembeni ya orodha ya vipengele kwa kalamu nyekundu. Vipengele vilikuwa sahihi vyote, ila la jino lilitangulia na la kuharisha lilikuwa la sita. Mdogo wangu aliupanga upya mjadala wake usiku ule, na nitaueleza hapa kama alivyoupanga, kwa kuwa huenda kuna mama anayeusoma ukurasa huu akiwa na mtoto mapajani.

Kwanza maji. Pakiti moja ya ORS kwenye lita moja ya maji safi yaliyochemshwa yakapoa, anyweshwe kidogo kidogo kila anapoharisha, na asiachishwe kunyonya. Kituo cha afya watampa pia vidonge vya zinki, vya siku 10 hadi 14. Vimalizwe hata kama kuharisha kumekoma. Kama macho yameingia ndani, kama halii machozi, hakojoi, hawezi kunyonya, amelegea, au choo kina damu, usingoje kesho. Homa ipimwe, malaria ipimwe.

Jino ndilo la mwisho. Meno ya kwanza hutoka karibu na miezi sita, ya mbele chini. Machonge huchelewa, mara nyingi hadi mwaka na nusu, lakini miezi mingi kabla ya hapo ufizi wake huonekana umevimba na kuwa mweupe mweupe. Mzazi akiona weupe huo wakati mtoto anaumwa, ni rahisi kuamini aliyoambiwa. Ni jino linajitengeneza. Ukimpeleka kwa tabibu wa meno atakuonyesha kwa kidole, kisha atakuelekeza kwenye chumba cha watoto, kwa sababu ugonjwa hauko hapo.

Nilimuuliza bibi kama angeyasikia maneno hayo wakati ule. Akasema labda, kama yangesemwa na mtu wa hukuhuku. Sikumbishia. Mimi naandika habari za afya mwaka wa nne sasa, na sijawahi kumuuliza bibi yangu swali hata moja kuhusu afya.

Jumapili tulimsindikiza Msamvu kupanda basi la chuoni. Bibi alimpa ndizi, magimbi na ule mto wa kochi, eti akaendelee kujifunzia.

Mtihani amemaliza, matokeo bado. Alipiga simu jioni ya mwisho. Swali la kwanza la bibi lilikuwa kama yule mama wa mtoto anayeharisha alikuja. Hakuja. Kilikuja kituo cha kupanga vifaa vya kung'olea, kingine cha ganzi ya taya la chini, na kingine cha kunawa mikono. Bibi alinirudishia simu bila kuaga.

"Wiki nzima nimepakata mto," akasema, "halafu wanauliza kunawa mikono."