Mtoto Mtukutu na Shule ya Sekondari

Kidato cha tatu kinapokaribia mwisho, nyumba nyingi za Kigali huingia katika mashauri. Mtoto akiwa msikivu, shauri huwa fupi. Akiwa mtukutu, ajibizanaye na walimu na kutoroka vipindi, wazazi huulizana usiku: tumpeleke wapi?

Katika familia ya askari swali hilo ni zito zaidi. Tuseme baba akaaye Kanombe amepangiwa kwenda kulinda amani katika Jamhuri ya Afrika ya Kati. Mama atabaki peke yake na kijana wa miaka 16. Wazo la kwanza la baba ni bweni la mbali lenye nidhamu kali, kwani yeye mwenyewe alinyoshwa na kambi.

Wazo hilo lipimwe kwanza. Baba aliingia jeshini akiwa mtu mzima, kwa hiari yake. Mtoto apelekwaye bweni kwa hasira hujiona amefukuzwa nyumbani. Tena ukaidi mara nyingi una chanzo: pengine haoni vizuri ubaoni, pengine hakielewi Kiingereza, ambacho ni lugha ya kufundishia sekondari tangu mwaka 2009, pengine amechoka kuhamishwa shule kila baba anapohamishwa kituo. Ukuta wa bweni hautibu hayo.

Gharama nazo zitazamwe. Mwaka 2022 Serikali ya Rwanda ilipanga mchango wa mzazi katika sekondari za umma kuwa faranga 19,500 kwa muhula kwa mwanafunzi wa kutwa, na 85,000 kwa wa bweni. Shule za kutwa ziliongezeka karibu na makazi kwa mpango wa elimu ya miaka 12, ulioanza mwaka 2012.

Kisha mtoto atazamwe mikono yake. Yuko kijana asiyetulia mbele ya kitabu, lakini hufungua redio mbovu na kuitengeneza bila kuagizwa na mtu. Kwake yeye, miaka mitatu ya sekondari ya ufundi, katika umeme, ujenzi au umakanika, si adhabu wala aibu. Akifaulu aweza kuendelea hadi chuo cha ufundi kilichoko Kicukiro, kilicho chini ya Rwanda Polytechnic iliyoundwa mwaka 2017.

Mwisho, mzazi aende shuleni mwenyewe. Amwulize mwalimu mkuu: mwanafunzi akipigana, hufanywa nini? Nani humshauri? Mzazi huitwa mapema, au huitwa siku ya kufukuzwa?

Nafasi za shule za umma hugawiwa kwa kufuata alama za mtihani na machaguo ya mwanafunzi. Kwa hiyo mashauri yasingoje matokeo. Baba na aketi na kijana wake kabla ya safari, amsikilize, wachague pamoja. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, hawakusema avunjwe.