Stima inapopotea ghafla: Jinsi daftari fiche linavyookoa faili za tarakilishi

TUMBILI mmoja alipanda juu ya paa la kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru, kwenye Mto Tana, mnamo Jumanne, Juni 7, 2016. Saa tano na dakika 29 asubuhi alianguka juu ya transfoma, ikazimika, na gridi ya taifa ikapoteza zaidi ya megawati 180 kwa mkupuo. Mitambo mingine ikaelemewa, na kufumba na kufumbua Kenya nzima ikawa haina stima.

Tumbili huyo alinusurika, kwa mujibu wa kampuni ya KenGen. Lililokuwa gumu kujua ni hali ya tarakilishi zilizozimika wakati uo huo zikiwa katikati ya kazi.

Wadi ya Kiplombe, katika eneobunge la Turbo viungani mwa Eldoret, iko takriban kilomita 300 kutoka Gitaru. Hata hivyo, umbali huo si kinga. Saa tano asubuhi ni wakati wa kazi katika vibanda vya saiba: huyu anachapa barua ya kuomba ajira, yule anajaza fomu, na karani wa chama cha wafugaji anaingiza kilo za maziwa yaliyopokelewa alfajiri. Stima ikipotea, skrini huwa nyeusi na kila mmoja hushika kichwa.

Mkasa wa aina hiyo haukuishia hapo. Sehemu kubwa ya nchi ilibaki gizani tena Agosti 25, 2023, mbali na zile siku za kawaida ambapo umeme hukatika mtaa mmoja tu kwa sababu ya mvua au nguzo iliyoanguka.

Cha kushangaza ni kwamba stima inaporejea, aghalabu mashine huwaka bila tatizo. Folda zote zipo na barua ya jana ipo. Kilichotoweka ni aya ya mwisho ambayo mwandishi hakuwa ameihifadhi. Uthabiti huo hautokani na bahati. Unatokana na daftari dogo ambalo tarakilishi huliandika ndani ya diski yake yenyewe, na ambalo watumiaji wengi hawajawahi kulisikia.

Ili kufahamu kazi ya daftari hilo, yafaa kwanza kujua kwamba faili si kitu kimoja. Diski hugawanywa katika vipande vidogo, mara nyingi vya baiti 4,096 kila kimoja, mithili ya shamba lililokatwa ploti. Barua ndefu huchukua ploti kadhaa, nazo si lazima ziwe zimepakana.

Faili inapoongezewa ukurasa, mambo matatu sharti yabadilike. Kwanza, ramani ya diski, inayoonyesha ni ploti zipi zimechukuliwa na zipi ni tupu, hurekebishwa. Pili, kadi ya faili, inayotaja ukubwa wake na ploti inazomiliki, huongezwa nambari ya ploti mpya. Tatu, maneno yenyewe huandikwa ndani ya ploti hiyo.

Diski haiwezi kuyafanya yote matatu kwa pigo moja. Huandika jambo moja, kisha jingine, na si lazima kwa utaratibu uliotajwa. Baina ya pigo moja na jingine kuna mwanya wa sehemu ndogo ya sekunde, na stima ikipotea katika mwanya huo ndipo balaa huzuka.

Iwapo ramani pekee ndiyo iliyorekebishwa, ploti huonekana imechukuliwa ilhali haina mwenyewe. Hiyo ni hasara ndogo ya nafasi. Iwapo ramani na kadi zimeandikwa lakini maneno hayajafika, anayefungua faili hukuta mabaki ya maandishi ya kale ya faili iliyofutwa zamani.

Hali mbaya zaidi ni pale kadi inapoandikwa ilhali ramani haijaguswa. Faili hudai ploti ambayo ramani ingali inaonyesha kuwa tupu, na kesho yake ploti iyo hiyo hukabidhiwa faili nyingine. Mkazi yeyote wa mahali ambapo mashamba hukatwa na kuuzwa anajua maana ya watu wawili kushika hatimiliki za ploti moja. Katika diski, kila faili inapoandika hufuta maandishi ya mwenzake, na kufikia siku kosa linapogunduliwa, zote mbili huenda zimeharibika.

Hapo zamani dawa ilikuwa kukagua diski nzima. Waliotumia Windows 98 watakumbuka ujumbe uliotokea pindi mashine ilipowashwa, ukieleza kwamba haikuzimwa ipasavyo, kisha programu ya ScanDisk ikaanza kupekua. Katika seva zenye diski kubwa, upekuzi wa namna hiyo ungeweza kuchukua saa nyingi huku wateja wakisubiri. Fauka ya hayo, mkaguzi hakuwa na rekodi ya kilichokuwa kikifanyika umeme ulipokatika. Aliona ramani na kadi zinazopingana, akalazimika kukisia ni ipi inayosema kweli.

Suluhisho lilitoka katika taaluma kongwe kuliko tarakilishi. Mtawa Mtaliano Luca Pacioli, katika kitabu kilichochapishwa Venice mwaka 1494, alieleza namna wafanyabiashara walivyoandika kila biashara katika daftari la siku kabla ya kuihamishia katika leja kuu. Karani wa maziwa hufanya vivyo hivyo: huandika kilo za kila mfugaji katika daftari kwenye foleni, na baadaye, akiwa ametulia, huzihamishia katika kadi ya kila mmoja. Akikatizwa katikati, daftari humwonyesha alipofikia.

Wahandisi wa hifadhidata, akiwemo Mmarekani Jim Gray aliyetunukiwa Tuzo ya Turing ya mwaka 1998, waliuchukua utaratibu huo na kuufungamanisha na dhana ya muamala. Muamala ni mabadiliko kadhaa yanayohesabiwa kuwa jambo moja: ama yafanyike yote, ama lisifanyike hata moja. Wakenya wameizoea dhana hiyo tangu M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007. Anayetuma Sh500 anatarajia zitoke kwake na zifike kwa mwenzake, au zibaki kwake. Hakubali zitoke kwake na zisifike kokote.

Mfumo wa faili wenye daftari huyatendea vivyo hivyo yale mabadiliko ya ramani na kadi. Kabla ya kugusa ramani yenyewe, huandika katika daftari namna ramani itakavyokuwa na kadi itakavyosomeka. Huko ni kutangaza nia tu. Diski kuu haijabadilishwa kitu.

Baada ya maandishi hayo kutua salama, mfumo huandika kipande kimoja cha mwisho ambacho ni sawa na muhuri. Muhuri huo hutamka kwamba orodha imekamilika. Katika mifumo ya kisasa huweza kuambatana na nambari ya ukaguzi inayokokotolewa kutokana na yaliyomo, ili ukurasa ulioandikwa nusu usidhaniwe kuwa mzima.

Ni baada ya muhuri tu ambapo mfumo huanza kuhamisha mabadiliko hadi mahali pake pa kudumu, pole pole, bila haraka. Yote yakishafika, kurasa hizo za daftari huhesabiwa kuwa tupu na huandikwa upya. Kwa hivyo daftari halijai. Huzunguka, likitumia kurasa zile zile.

Je, stima ikikatika? Jibu hutegemea muhuri. Mashine inapowashwa, mfumo husoma daftari kabla ya kumruhusu yeyote kufungua faili. Muamala ulio na muhuri hutekelezwa upya kuanzia mwanzo, hata kama sehemu yake ilikuwa imekwisha kuhamishwa. Muamala usio na muhuri hupuuzwa, nayo diski hubaki kama ilivyokuwa kabla ya muamala huo kuanza.

Huenda msomaji akauliza iwapo kurudia kazi iliyokwisha kufanywa hakutaleta makosa. Hakuleti, kwa sababu daftari huandika matokeo badala ya hatua. Karani akiandika "jumla ya mfugaji huyu ni kilo 40", anaweza kuinakili kauli hiyo mara kumi na jumla itabaki 40. Lakini akiandika "ongeza kilo 10" na kuitekeleza mara mbili, mfugaji atalipwa maziwa ambayo hakuyaleta. Wabunifu wa mifumo kama ext3 na ext4 walichagua njia ya kwanza.

Faida nyingine ni muda. Daftari ni sehemu ndogo sana ya diski, hivyo kulisoma huchukua sekunde chache, ilhali kukagua diski nzima huchukua muda unaolingana na ukubwa wake na wingi wa faili zilizomo.

Teknolojia hiyo ilienea kwa awamu. Kampuni ya IBM iliiweka katika mfumo wake wa AIX mwaka 1990, na Microsoft ikaleta NTFS pamoja na Windows NT mwaka 1993. Watumiaji wa kawaida wa Windows walianza kuinufaikia zaidi baada ya Windows XP kutolewa mwaka 2001. Kwa upande wa Linux, mhandisi Stephen Tweedie alieleza mpango wake mwaka 1998, nao mfumo wa ext3 ukaingizwa rasmi katika Linux Novemba 2001. Mrithi wake, ext4, alitangazwa kuwa thabiti mwaka 2008 na hutumika katika seva nyingi na hata katika baadhi ya simu za Android.

Hata hivyo, daftari hilo lina mipaka, na hapa ndipo watumiaji wengi hupotoka.

Kwanza, kwa kawaida daftari hulinda ramani na kadi, wala si maneno yenyewe. NTFS hufanya hivyo. Vivyo hivyo ext4 katika mpangilio wake wa kawaida, isipokuwa huyo huhakikisha kwanza kwamba maneno yamefika kwenye ploti kabla ya kuipigia kadi muhuri. Inawezekana kuuamuru mfumo wa ext4 uandike kila kitu katika daftari, lakini basi kila neno huandikwa mara mbili na kasi hupungua.

Pili, muhuri haupigwi kila mara. Kwa kawaida ext4 hukusanya mabadiliko ya takriban sekunde tano na kuyafanya muamala mmoja, ili diski isichoshwe. Maneno mapya huweza kukaa katika kumbukumbu ya muda kwa nusu dakika hivi kabla ya kupelekwa kwenye diski. Kilichochapwa katika kipindi hicho hakina mtetezi.

Mwaka 2009 baadhi ya watumiaji wa ext4 waliwasha mashine zao baada ya kuzimika ghafla na kukuta faili zenye jina lakini zisizo na neno hata moja ndani. Ramani ilikuwa sahihi na kadi ilikuwa sahihi. Theodore Ts'o, msimamizi mkuu wa mfumo huo, alieleza kwamba programu zilizoandika faili hizo hazikuwa zimeiomba diski ithibitishe kupokea maneno. Hatimaye mfumo ulirekebishwa ili kupunguza madhara hayo, lakini somo lilibaki: diski iliyo sawa si hakikisho kwamba kazi ya mtu ipo.

Tatu, daftari hutegemea ukweli wa diski. Diski nyingi zina kumbukumbu ndogo ya ndani ambamo huweka maandishi kwa muda, kisha huripoti kwamba kazi imekamilika. Muhuri ukitangulia kufika mahali pa kudumu kabla ya orodha inayouhusu, ulinzi wote huanguka. Kwa sababu hiyo mfumo huiamuru diski imwage kumbukumbu hiyo kabla na baada ya muhuri. Diski duni isiyotii amri hiyo huuacha mfumo ukiamini jambo ambalo halijatendeka.

Nne, na hili ndilo linalowagusa zaidi wateja wa saiba, flashi nyingi hazina daftari kabisa. Hutengenezwa kwa mfumo wa FAT32 au exFAT ili ziweze kusomwa na kila aina ya mashine. Anayechomoa flashi wakati faili ingali inaandikwa huirejesha diski yake katika enzi ya Windows 98. Ile hatua ya kuiarifu mashine kabla ya kuchomoa, ambayo wengi huipuuza kwa haraka ya kuwahi matatu, ndiyo inayohakikisha kwamba ramani, kadi na maneno vimefika.

Kwa mmiliki wa saiba Kiplombe au kwingineko, hatua za tahadhari si nyingi. Ahifadhi kazi kila baada ya dakika chache badala ya kusubiri amalize. Anunue betri ya akiba ya kuiwezesha tarakilishi ya mezani kuzimwa kwa utaratibu. Mashine ikianza kujikagua baada ya stima kurudi, aiache imalize. Zaidi ya yote, aweke nakala ya faili muhimu katika diski nyingine, mbali na ile ya kwanza, kwani diski ikifa kabisa au ikiibwa, daftari hufa au huibwa nayo.

Karani wa maziwa naye asiharakishe kulitupa daftari lake la karatasi. Stima ikipotea kabla hajahifadhi kilo za asubuhi, tarakilishi itaamka ikiwa na ramani safi na kadi zisizopingana, lakini kilo hizo zitakuwa zimeandikwa mahali pamoja tu.