Axel Tuanzebe: beki wa Bunia aliyekomaa kwa mkopo

Axel Tuanzebe alizaliwa Bunia, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Novemba 1997, akahamia Uingereza angali mtoto. Manchester United ilimpokea katika kituo chake cha kukuzia vipaji akiwa na umri wa miaka 8. Januari 2017 aliichezea timu ya wakubwa kwa mara ya kwanza, dhidi ya Wigan.

Hata hivyo, beki chipukizi hupata shida kupenya katika klabu kubwa, kwani kosa moja la mlinzi huzaa bao na makocha huwaamini wazoefu. Ndiyo maana vijana hutolewa kwa mkopo: klabu mama hubaki na mkataba, nyingine humpa mchezaji mechi. Akiwa Aston Villa kwa mkopo, Tuanzebe aliisaidia kupanda Ligi Kuu mwaka 2019.

Oktoba 2020, baada ya miezi mingi ya majeraha, alimdhibiti Kylian Mbappé mjini Paris, United ikashinda 2-1. Ingawa alizichezea timu za vijana za Uingereza, mwaka 2024 alianza kuichezea Kongo, nchi alikozaliwa.