Kinamasi Kilichogeuka Bustani ya Wapendanao

Jumamosi yenu huwaje, wewe na mwenzi wako? Kwa wengi wetu ni ileile: baa, nyama choma, muziki wa kupasua masikio, halafu bili inayowafanya mrudi nyumbani hamsemeshani. Mjini, mahali pa kukaa wawili mkapiga stori bila mhudumu kuja kuuliza "niongeze?" ni pa kutafuta kwa tochi.

Wenzetu wa Kigali wamepapata, tena mahali ambapo wengi wasingefikiria: kwenye kinamasi.

Bonde lililochoka

Nyandungu ni bonde lililo upande wa mashariki wa Kigali, si mbali na uwanja wa ndege. Watu walilima na kuchunga humo, mimea ya asili ikapungua, na maji machafu ya mjini yakapita bila kizuizi. Kazi ya kulifufua ilianza mwaka 2016. Julai 2022 likafunguliwa kama bustani ya umma yenye hekta 121.

Leo kuna mabwawa, njia za miguu na za baiskeli zenye urefu wa kilomita 10 hivi, bustani ya mimea ya dawa na mgahawa. Miti zaidi ya 17,000 imepandwa, na ndege wa aina zaidi ya 100 wameonekana. Ipo hata bustani ya kumkumbuka Papa Yohane Paulo wa Pili, aliyeadhimisha misa hapo Nyandungu mwaka 1990.

Si urembo tu

Hapa ndipo penye somo. Bonde halikufukiwa ili watu wapate pa kukaa, bali liliachiwa kazi yake. Maji ya mvua yakishuka kutoka vilimani hupunguzwa kasi na mabwawa, matete na mafunjo. Tope hutuama chini, na mizizi hufyonza sehemu ya uchafu. Mnapopiga picha zenu pale, jueni kwamba nyuma yenu kuna mtambo wa kusafisha maji usiotumia umeme.

Kigali haikuishia hapo. Viwanda vilivyokuwa kwenye kinamasi cha Gikondo vilihamishwa, na bonde hilo nalo likaingizwa kwenye mpango wa kufufuliwa pamoja na mengine manne.

Na sisi je?

Dar es Salaam tuna Jangwani. Tukipita tunafunga vioo vya gari, mvua ikinyesha tunauliza kama barabara inapitika. Desemba 2011 mafuriko jijini yaliua watu wapatao 40, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Hata karakana ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa palepale bondeni, na maji yameifuata zaidi ya mara moja. Bonde halisahau njia yake, bwana!

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya bonde la Msimbazi, na ndani ya mpango huo imo bustani ya jiji. Habari njema. Lakini kabla hatujaanza kuchagua nguo za kutokea, kuna maswali mawili.

La kwanza: itakuwa ya nani? Nyandungu kuna kiingilio, na kutunza mahali kunahitaji fedha. Ila kiingilio kikiwa kikubwa, kijana wa Kigogo atabaki anachungulia kwenye uzio. La pili: waliokuwa wakiishi na kulima bondeni watakula wapi? Fidia hujenga nyumba kwingine, lakini mteja wa mchicha hahami nawe.

Bustani ya umma ni ile ambayo muuza mchicha na meneja wa benki wanaweza kukaa benchi moja Jumapili jioni, kila mmoja na wake.

Mkipata safari ya Kigali

Nendeni asubuhi, kabla jua halijawa kali. Ndege huonekana vizuri wakati huo. Vaeni viatu vya kutembea, visigino viacheni hotelini. Simu zizimeni walau kwa nusu saa. Halafu mkirudi, ulizeni kwenye serikali yenu ya mtaa: bonde letu sisi limepangiwa nini?