Fumo Liyongo: Mkimbiaji wa Mto Tana ambaye rekodi yake haijavunjwa

SIKU hizi kuna nyota wa michezo ambaye hakuzaliwa na mama yeyote. Anaishi ndani ya kompyuta. Mashabiki wa kandanda ya Kimarekani, ule mchezo unaofanana na raga ambao wachezaji huvaa kofia ngumu na kupigana vikumbo, humbuni mchezaji wao wenyewe. Humpa jina, kimo, uzani na mji alikozaliwa. Wengi hupenda awe yule anayekabidhiwa mpira mkononi na kuambiwa, "Haya, pita!", ilhali mbele yake wamesimama majabali kumi na mmoja, kila mmoja akitaka kumlaza chini.

Kisha kompyuta hupiga hesabu. Msimu ukimalizika huandikwa umbali aliokimbia, mara alizofunga, mara alizoangusha mpira na majeraha aliyoyapata. Misimu kumi ya kubuni ikipita, kasi yake hupungua, naye hustaafu. Mashabiki humwandikia wasifu mrefu kana kwamba walipanda naye basi moja. Mtu huyo hajawahi kutokwa na tone la jasho!

Mzazi anayemwona mwanawe akihuzunika kwa sababu mchezaji wa namna hiyo amevunjika mguu huenda akadhani kijana ameanza kurukwa na akili. La hasha. Mchezo huo wa kumbuni shujaa, kumpa nguvu, kumpimia udhaifu na kumfuata hadi siku yake ya mwisho haukuanza Marekani. Watu wa pwani yetu waliucheza kabla umeme haujajulikana. Mchezaji wao aliitwa Fumo Liyongo, na uwanja wake wa nyumbani ulikuwa pale Mto Tana unapokutana na bahari, katika eneo ambalo leo ni la Bunge la Garsen.

Tafadhali usinielewe vibaya. Sisemi kwamba Liyongo hakuishi. Wapo wataalamu wanaoamini kwamba aliishi kweli, ingawa wametofautiana kwa karne kadhaa kuhusu zama zake. Zipo pia tungo za kale zinazohesabiwa kuwa zake. Ninalosema ni kwamba Liyongo wa nyama na damu alikwisha kufunikwa zamani na Liyongo aliyejengwa na wasimulizi. Huyo wa pili ndiye tunayemfuata leo.

UWANJA WAKE

Ukisafiri kutoka Malindi kwenda Lamu, utapita Garsen baada ya zaidi ya kilomita 100. Ni mji wa joto kali, maduka ya barabarani, ng'ombe na mbuzi, na maembe kwa msimu wake. Hapo ndipo Tana, mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, unapoanza kujitandaza kuelekea baharini. Kandokando ya maji Wapokomo hulima mpunga, mahindi na ndizi. Nyikani Waorma na Wawardei huchunga mifugo yao. Mto ukifurika, shamba hupata rutuba. Mto ukipungua, kila mtu hutazama njia za kufikia maji, na zile ambazo mifugo hupitia huitwa malka.

Mwisho wa safari ya maji hayo ni Kipini. Karibu na hapo kuna magofu ya miji ya kale ya Waswahili. Ungwana, mmojawapo, ulichimbuliwa na mwanaakiolojia James Kirkman katika miaka ya 1950. Mwingine ni Shaka, ambao masimulizi huutaja kuwa mji wa Liyongo. Watu wa Kipini nao huonyesha mahali wanapoamini shujaa huyo amelala.

Habari zake hazikuachwa zipotee. Askofu Edward Steere alichapisha hadithi ya Liyongo mjini London mwaka 1870 katika mkusanyo wake wa hadithi za Kiswahili. Mwaka 1913 Muhammad Kijumwa wa Lamu, aliyekuwa mshairi, mchongaji na mwandishi stadi wa hati za Kiarabu, alizikusanya katika utenzi. Huo ndio unaosomwa zaidi hadi sasa, nao ndio "daftari la matokeo" tutakalolitumia hapa.

MECHI ZAKE

Mechi ya kwanza ni ya mbio. Wagala walifika Pate kununua chakula. Jina hilo la Wagala ni la kale, na Waorma wa leo hawalipendi, lakini ndilo linalotumika katika utenzi. Mfalme wa Pate akawasifia Liyongo, nao wakataka kumwona kwa macho. Akatumiwa ujumbe huko Shaka. Safari hiyo ilikuwa ya siku nne kwa mtu wa kawaida. Liyongo aliimaliza kwa siku moja.

Hakwenda mikono mitupu, msomaji. Alipofika langoni alipuliza panda zake kwa nguvu hadi zikapasuka, na mji mzima ukatetemeka. Alipoutua mzigo wake, watu waliona ndani yake kinu na mchi, mawe ya kusagia, vyungu vya kupikia na mafiga. Jiko zima lilikuwa mgongoni! Ni mkimbiaji gani wa leo, wa kweli au wa kompyuta, aliyewahi kukimbia na mafiga?

Wageni wale walistaajabu, wakaomba wapate mbegu ya mtu yule. Liyongo akaozwa mke katika watu wao, naye akazaa mtoto wa kiume. Likumbuke jambo hili, kwa maana tutalirudia.

Mechi ya pili haikuwa ya nguvu bali ya akili. Mfalme wa Pate aliingiwa na hofu kwamba jitu hili siku moja litamnyang'anya kiti. Akawaahidi fedha watu wa msituni wakamwue. Hao wakajifanya rafiki zake na kupanga kikoa cha kula makoma, matunda ya mkoma, ule mti wa jamii ya mnazi unaoota kwa wingi katika nchi ile. Kila siku mmoja angepanda mti na kuwaangushia wenzake. Zamu ya Liyongo ikifika, akiwa juu mikono yake imeushika mti, wangemmiminia mishale.

Zamu ilifika. Liyongo akachagua mkoma mrefu kuliko yote. Badala ya kupanda, alichukua upinde wake, akayaangusha makoma kwa mishale akiwa amesimama chini. Wale jamaa walitazamana, kisha kila mmoja akashika njia yake.

Mechi ya tatu aliichezea kifungoni Pate. Mjakazi wake, Saada, alikuwa akimletea chakula, lakini walinzi walikula kila kilicho kizuri na kumwachia makombo. Liyongo akamtuma kwa mama yake kwa maneno ya ushairi ambayo walinzi hawakuyaelewa. Mama akaoka mkate wa wishwa, akaficha tupa ndani yake. Walinzi wakauona mkate wa wishwa, wakaucheka, wakampa mfungwa. Alipoulizwa anatamani nini kabla ya kuuawa, aliomba ngoma ichezwe. Pembe na matoazi yaliposhamiri nje, yeye alikuwa akikata minyororo kwa tupa ndani. Ngoma ilipokwisha, Liyongo alisimama huru.

TUNDU KATIKA NGUVU ZAKE

Vijana wanaobuni wachezaji wa kompyuta wanajua kanuni moja. Ukimwongezea mchezaji kasi, lazima umpunguzie kitu kingine. Mchezaji asiye na udhaifu huua mchezo, kwa sababu hakuna atakayekaa kumtazama mtu ambaye hawezi kushindwa.

Wasimulizi wa Tana na Lamu waliijua kanuni hiyo. Walimpa Liyongo mwili usiopenya mkuki wala mshale, kisha wakaacha mahali pamoja tu: kitovu, tena kwa sindano ya shaba peke yake. Wanafunzi wanaosoma fasihi simulizi wataitambua alama hii ya mighani. Luanda Magere wa Wajaluo alikuwa na mwili wa jiwe, lakini uhai wake ulikuwa katika kivuli. Samsoni aliuweka wake katika nywele. Akili wa Wayunani aliuawa kwa kisigino.

Sasa tazama jinsi wasimulizi walivyokuwa hodari. Udhaifu wa kitovu si udhaifu wenyewe. Nani angejua habari za kitovu cha Liyongo asipoambiwa? Tundu la kweli lilikuwa nyumbani mwake.

Mfalme alimwita yule kijana, mtoto wa Liyongo, akamkirimu Pate na kumwahidi cheo pamoja na binti yake. Alichotakiwa kuleta ni jambo moja tu: siri ya baba. Kijana akarudi, akauliza. Liyongo alitambua kwamba ametumwa, lakini alimwambia mwanawe ukweli. Kijana akapewa sindano ya shaba. Akamvizia baba yake, akasita, akamvizia tena, hadi siku moja alipomkuta katika usingizi mzito. Hapo akamchoma.

Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema. Kijana hakupata alichoahidiwa. Mfalme aliyemtumia alimtupa, na mwisho wake ulikuwa mbaya.

KISIMANI

Mechi ya mwisho ya Liyongo ndiyo inayofanya habari hii istahili kusomwa tena mwaka huu, na mwaka ujao.

Alipochomwa, hakufia kitandani. Aliinuka, akachukua upinde na mishale, akaenda hadi kisimani ambako watu wa mji walichota maji. Akapiga goti, akatia mshale katika upinde, akauvuta. Roho ikamtoka akiwa katika hali hiyo.

Watu waliokuja na ndoo na mitungi walimwona kwa mbali, wakakimbia. Walidhani yu hai na ana hasira. Siku zikapita. Mji ukakaa na kiu, maji yakiwa palepale yanaonekana, kwa sababu ya kumwogopa mtu ambaye alikwisha kufa. Ilibidi mama yake aombwe aende kumbembeleza kwa nyimbo. Mwishowe mwili ukaanguka, watu wakajua kwamba ni maiti, wakachota maji.

Sasa ondoka Kipini ya kale uje katika Tana Delta ya zama zetu. Kati ya Agosti 2012 na mwanzo wa 2013, zaidi ya watu 100 waliuawa katika mapigano ya Wapokomo na Waorma. Katika kijiji cha Riketa peke yake, tarehe 22 Agosti 2012, waliuawa zaidi ya watu 50, wengi wao wanawake na watoto. Kilelengwani nako kulilipuka mwezi uliofuata. Siasa ilikuwamo. Lakini mzizi wa zamani ni ule ule: ardhi, malisho na njia ya kufikia maji.

Je, huoni mfanano? Maji yapo. Kinachowazuia watu kuyafikia kwa amani ni hofu, na hofu nyingine ni ya maiti: kisasi cha babu, ugomvi wa mwaka ambao kijana anayeshika silaha hakuwa amezaliwa. Na mara nyingi, kama katika mighani, kijana hushika silaha kwa sababu kuna mkubwa mahali fulani aliyemwahidi kitu ambacho hatampa.

Ndiyo maana nilikuomba ukumbuke ile ndoa. Wasimulizi wa Kiswahili wangeweza kumwoza Liyongo popote. Wakamwoza kwa wafugaji wa nyikani. Wapokomo nao, walio majirani wa Kipini tangu zamani, wanazo habari zake. Basi shujaa huyu si wa kabila moja. Ukoo wake umevuka mto, na yeyote anayemtaja kwa fahari amekwisha kukubali kwamba jirani yake ana haki katika hadithi hiyo.

KAZI YA MZAZI

Mzazi wa Nairobi, Mombasa au Nakuru, usimnyang'anye mwanao simu kwa sababu ana mchezaji wa kubuni. Muulize maswali. Mchezaji wako ana nguvu gani? Udhaifu wake uko wapi? Nani anaujua? Ukishamsikiliza, mpe wa kwako. Msimulie yule aliyetembea siku nne kwa siku moja akiwa na mafiga mgongoni.

Nawe mwanafunzi, usikariri sifa za shujaa kwa ajili ya mtihani tu. Mchezaji wa kompyuta akistaafu, takwimu zake hubaki kwa wachache waliocheza naye ligi moja. Za Liyongo zilihifadhiwa na mama jikoni, mzee barazani na mshairi wa Lamu mwenye kalamu. Zikisahauliwa, hakuna kompyuta itakayozirudisha.

Siku utakapopita Garsen ukielekea Lamu, basi litakaposimama, teremka ununue maembe. Muuzaji huenda akawa Mpokomo, na aliye kando yake akauza maziwa huenda akawa Muorma. Nunua kwa wote wawili. Kisha waulize, kwa heshima, kama wamewahi kusikia habari za mtu mmoja aliyeitwa Liyongo.