Terabaiti Moja kwa Mujibu wa Nani?

Msomaji wa Morogoro ameleta swali ambalo mafundi wa kompyuta hukutana nalo kila mara. Alinunua SSD ya terabaiti 1, akanakili humo diski yake ya zamani ya gigabaiti 256, akaifunga kwenye laptop. Mashine ikawaka vizuri, lakini Windows inasema diski C ina gigabaiti 237. Je, amepigwa?

Hajapigwa. Programu ya kunakili imehamisha diski ya zamani pamoja na mipaka yake, na nafasi iliyobaki ipo, haijagawiwa tu. Afungue Disk Management, ataiona upande wa kulia ikiwa na mstari mweusi juu yake. Amri ya Extend Volume itaiunganisha na C. Ikiwa amri hiyo imefifia na haibonyezeki, mara nyingi ni kwa sababu kipande kidogo cha Recovery kimekaa katikati ya C na nafasi tupu, na hakina budi kusogezwa kwanza. Akimaliza, jumla itasomeka 931 na wala si 1000, maana kiwanda huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni moja, ilhali Windows huihesabu kuwa baiti 1,073,741,824. Hilo limeelezwa mno, tuliache.

Linalonivutia zaidi ni hili: kompyuta imejuaje kwamba diski ina terabaiti moja? Haipimi. Inauliza. Kila inapowashwa huitaka diski ijitambulishe, na diski ya SATA hujibu kwa baiti 512: modeli yake, namba yake ya utambulisho, toleo la programu dhibiti na, humohumo, idadi ya sekta zake. Kwa diski nyingi za terabaiti 1 idadi hiyo ni 1,953,525,168. Zidisha kwa 512, utapata baiti 1,000,204,886,016. Windows haina mlango wa kuingia ndani ikahesabu chipu mojamoja. Inapokea jibu na kuliamini.

Anayejibu ni kidhibiti, chipu inayokaa kati ya kompyuta na chipu za kumbukumbu. Huyu ni mtunza stoo anayehudumia dirishani. Wewe huingii ndani. Unamwambia, "Nipe cha namba 40," anakuletea, nawe unadhani kimekaa rafu ya 40 tangu siku ulipokileta. Kumbe kimehama mara nyingi. Kumbukumbu ya flashi haiandikwi juu ya maandishi ya zamani: ukurasa sharti uwe mtupu, na kufuta hufanyika kwa bloku nzima yenye mamia ya kurasa. Kwa hiyo ukileta toleo jipya la namba 40, mtunza stoo haligusi la zamani. Analiweka jipya penye nafasi, anaandika kwenye leja kwamba 40 sasa iko kule, na lile la zamani analikata kwa mstari. Foleni ikipungua dirishani, anachukua chumba chenye mizigo mingi iliyokatwa, anahamisha michache iliyo hai, kisha anafagia chumba chote. Tena hatumii chumba kimoja kila siku, kwa kuwa kila kufagia kunachakaza sakafu. Ndiyo maana ana vyumba vya akiba ambavyo havitaji kamwe dirishani.

Nasema leja kwa makusudi. "Jedwali la tafsiri ya anwani" ni jina sahihi, lakini leja ndiyo inayotuonyesha kitabu kinachoandikwa na kukatwa kutwa nzima. Kwa SSD ya terabaiti 1, leja kamili hufikia takriban gigabaiti 1.

Leja ikiharibika, je? Mwaka 2011 baadhi ya diski za Intel SSD 320 zilikatikiwa umeme ghafla, na zilipowashwa tena zikajitangaza kuwa na megabaiti 8 tu. Penye namba ya utambulisho palisomeka BAD_CTX. Kidhibiti kilikuwa kimeshindwa kurejesha hali yake ya ndani, kikajibu kwa kadiri ya kidogo kilichobaki nacho. Agosti mwaka huo Intel ilitoa programu dhibiti mpya. Diski iliyokwisha kupatwa iliweza kufutwa yote ikarudi ukubwa wake, bila data. Kwa hiyo SSD inayoonyesha megabaiti chache, au sifuri, isifomatiwe kwa haraka: tatizo haliko kwenye mipaka, liko kwa kidhibiti.

Na kwa kuwa ukubwa ni jibu, jibu linaweza kupikwa. Matapeli huchukua chipu ndogo, huandika upya programu dhibiti, na kifaa kinatangaza terabaiti 16 bila kigugumizi. Ukikijaza kupita uwezo wake halisi, mizigo mipya hufunika ya zamani au hutupwa kimyakimya. Majina ya faili yanaonekana yote. Unafungua picha, nusu yake ni kijivu. Disk Management haitakwambia lolote hapo, maana nayo inauliza kwenye dirisha lilelile. Programu za F3 na H2testw hazitegemei jibu hilo: huandika data inayojulikana mpaka diski ijae, kisha huisoma yote na kuilinganisha. Kwa terabaiti nzima kazi hiyo inaweza kuchukua saa kadhaa. Ifanye diski ikiwa bado tupu, na risiti ikiwa bado mkononi.