Mchezo wa Go: mawe matatu ya kijana wa miaka 19 yaliyoitikisa Japani

Mwezi wa kumi mwaka 1933, mjini Tokyo, kijana Go Seigen, mzaliwa wa China, aliketi mbele ya mzee Honinbo Shusai, bingwa mkubwa kuliko wote nchini Japani. Jiwe lake la kwanza peke yake liliwakasirisha watu wengi.

Go huchezwa na watu wawili, mmoja mwenye mawe meusi, mwengine meupe, kwenye ubao wa mistari 19 kwa 19. Mshindi ni yule anayezungusha eneo kubwa zaidi. Tangu zamani walimu walifundisha hivi: anza pembeni, kisha kando, katikati ni mwisho. Hesabu yenyewe ni nyepesi: kufunga nafasi 9 kwenye pembe kunaomba mawe 6, kandoni 9, katikati 12.

Lakini Go Seigen na rafiki yake Kitani Minoru waliona kwamba anayeshika pembe tu anaweza kupoteza ubao mzima. Basi siku hiyo kijana aliweka jiwe la kwanza ndani kabisa ya pembe, pahali ambapo shule ya mzee Shusai ilikataza. La pili alilipeleka kwenye pembe ya kuelekeana, juu kidogo. La tatu aliliweka katikati kabisa ya ubao. Kwa wengi, hiyo ilikuwa kukosa heshima.

Mchezo uliendelea hadi mwezi wa kwanza 1934. Kwa desturi ya wakati ule, mzee alikuwa na haki ya kusimamisha mchezo saa yoyote, akaenda nyumbani kufikiri. Alifanya hivyo zaidi ya mara kumi. Mwishowe jiwe la 160 likageuza mambo, na Shusai akashinda kwa pointi 2. Minong'ono ilienea kwamba mwanafunzi wake ndiye aliyeligundua jiwe hilo.

Kijana alishindwa mchezo, lakini mafunzo ya zamani hayakubaki kama yalivyokuwa. Wachezaji wengi walianza kufungua kwa namna mpya. Na tangu programu ya kompyuta AlphaGo ilipomshinda Lee Sedol wa Korea Kusini 4 kwa 1 mwaka 2016, mabingwa wameanza kuingia mapema ndani ya pembe, pale pale palipokatazwa zamani.

Go Seigen alifariki mwaka 2014, akiwa na miaka 100.